Michele si Michelle, wala si mchele: jina la kiume la Kiitaliano lililoniumbua uwanja wa ndege

Mlinzi wa Mapokezi #1

Wakuu, salaam. Wiki mbili nimekaa na hili jambo nikijicheka peke yangu, leo naona tuligawane.

Mimi niko mapokezi, hoteli ndogo ya huku Watamu, vyumba kumi na vinne. Wageni wetu wengi ni Waitaliano, pwani hii mnaijua. Tangu walipokuja na mradi wa San Marco miaka ya 1960, kurusha satelaiti kutoka baharini kaskazini ya Malindi, hawajatuacha. Kiitaliano changu ni cha ufukweni: ciao, domani, quanto costa. Safari ya kuona pomboo nakuuzia bila shida, ila sarufi usiniulize.

Basi likaingia jina kwenye orodha ya wageni: Michele, chumba namba 7, mtu mmoja. Nikalisoma Mishel, kama mama Obama. Nikaagiza chumba kiandaliwe kimama: asumini juu ya mto, na kanga mpya ikakunjwa mfano wa bata katikati ya kitanda. Kanga niliichagua mwenyewe, imeandikwa NANI KAMA MAMA. Nikachukua kipande cha boksi, nikaandika kwa kalamu nene SIGNORA MICHELE, alfajiri tukaondoka na dereva kwenda Mombasa.

Tumesimama pale abiria wanapotokea, akaja jamaa. Futi sita na ushei, ndevu zimefika kifuani, begi la kuzamia begani. Akasoma kibao. Akasoma tena. Akajitazama kifuani, akanitazama mimi, akasema, "Signora?" Dereva wangu akageuka kuhesabu magari.

Alicheka mpaka Kilifi. Mimi nikawa nawaza kanga. Tulipofika nikakimbia mbele nikaichomoe, lakini kijana wa mizigo alishamfungulia mlango. Nikamkuta kashika bata kwa mikono miwili. Nikataka kumweleza, Kiitaliano kikaniishia. Yeye akaifungua, akajifunga kiunoni, na hivyo ndivyo anavyoshinda ufukweni mpaka leo, NANI KAMA MAMA makalioni.

Haikuishia hapo. Jioni ile nilipeleka karatasi jikoni: "Michele 7, hakuna maziwa." Mpishi akamtuma kijana kuniuliza: huo mchele ni kilo saba au vikombe saba, na nani alimwambia wali wa nazi unatiwa maziwa?

Sasa somo nililolipata, na kwa wale mnaofanya kazi na wageni hawa, shikeni. Michele ni jina la mwanamume na linasomwa mi-KE-le. Mkazo uko pale pale tunapoweka sisi, silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa Waitaliano herufi c ikifuatwa na e au i inakuwa "ch" yetu: ciao ni chao, cento ni chento. Wakitaka ibaki "k" mbele ya e au i, wanaweka h katikati iwe mlinzi. Ndiyo maana bruschetta ni brusketa, si "bruscheta" kama tunavyowasikia Waingereza wakiagiza, na mlango ulioandikwa chiuso umefungwa kwa k. Ukikariri hilo moja tu, nusu ya menyu umeshaijua.

Ni Mikaeli, jamani. Mikaeli wa kawaida kabisa, tunaye kila mtaa.

Mgeni akaniandikia kwenye kitabu cha mapokezi wenzake wa kuangalia: Gabriele, Daniele, Raffaele, Samuele, Emanuele, Simone, Andrea, Nicola. Wote wanaume. Nikafungua daftari la mwaka jana nikaona nimewaandikia "Bi." wanne, na hakuna hata mmoja aliyenisahihisha.

Pweza wa Nazi #2

Mchele kilo saba hahahaha. Mpishi apewe ng'ombe.

Kiti cha Nyuma #3

Naomba kukaa hapa. Uzi unanuka bahari.

Baba Kijacho #4

Mkuu umenikuta pabaya. Mke wangu ana miezi minane, vipimo vinasema binti, na sisi tumeshakubaliana Michele. Tumeliona kwenye tamthilia, mwigizaji wa kike kabisa, limeandikwa hivyo hivyo kwa l moja. Unaniambia nimempa mwanangu jina la mwanamume mwenye ndevu?

Papa wa Kamalondo #5

Ndugu zangu, niko Lubumbashi. Huku kwetu mambo ni tofauti kidogo maana tumeletewa Kifaransa. Michel ni mwanaume, Michelle ni mwanamke, na kwa sikio ni kitu kimoja: Misheli. Mtaani kwetu kuna Papa Misheli na Mama Misheli, ukipiga kelele wanageuka wote wawili. Tofauti iko kwenye karatasi tu. Hiyo Michelle ya Waingereza na Wamarekani wameichukua kwa Wafaransa, ndiyo maana wanasoma "sh". Wamarekani wengine wakaanza kuandika kwa l moja, Michele, wakimaanisha mwanamke yule yule. Huyo wa kwenye tamthilia bila shaka ni wa huko. Kwa hiyo baba, mwanao hana ndevu, ila akienda Roma atasumbuka.

Mlinzi wa Mapokezi #6

Papa umemaliza. Maandishi ya Michele wa Marekani na Michele wa Italia hayatofautiani, ila mmoja ni dada na mwingine ni kaka. Baba Kijacho, kwa Waitaliano binti anaitwa Michela, yaani Mikela, au Micaela, Mikaela. Wako pia kina Michelina, wengi wao bibi za watu sasa.

Katekista Mstaafu #7

Nimekuwa msomaji tu humu, leo nimelazimika kuandika kwa sababu ya ile kanga.

Mleta mada, unajua ulichokifanya? Ulimtandikia mtu tafsiri ya jina lake kitandani. Mikaeli kwa Kiebrania ni maneno matatu yameshikana: *mi* ni "nani", *kha* ni "kama", *el* ni "Mungu". Nani kama Mungu? Kanga yako imesema Nani kama Mama. Muundo ni ule ule, kilichobadilika ni neno la mwisho.

Watu wengi hufundishwa kwamba maana yake ni "aliye kama Mungu", kana kwamba ni sifa ya malaika. Hapana. Lingekuwa sifa lingekuwa kufuru. Ni swali, na ni swali lisilongoja jibu, kama vile mama anayeifunga kanga ile haulizi apate jibu. Michoro ya zamani ya malaika huyu humwekea kwenye ngao maneno ya Kilatini *Quis ut Deus*, mara nyingine na alama ya kuuliza mwishoni.

Tena msidhani jina lilianzia kwa malaika. Fungueni Hesabu 13, wale wapelelezi kumi na wawili aliowatuma Musa kwenda Kanaani. Aya ya 13, wa kabila la Asheri ni Sethuri mwana wa Mikaeli. Huyo ni mtu na shamba lake. Malaika anatajwa kwa jina hilo katika Danieli, sura ya 10 na ya 12, kisha Yuda, kisha Ufunuo 12 anapopigana na joka. Majina ya kuuliza yalikuwa desturi ya pande zile. Waashuru walikuwa nayo, mtu anaitwa Mannu-ki-Adad, nani kama Adad, Adad akiwa mungu wao wa mvua na ngurumo. Hata nabii Mika ni ndugu wa jina hili, yeye ni "nani kama Yehova" kwa ufupi, na sura yake ya mwisho, 7:18, inauliza swali lenyewe: ni nani aliye Mungu kama wewe?

Pweza wa Nazi #8

Yaani mzungu ametembea Watamu na jina lake limeandikwa makalioni, na hajui. Mungu fundi.

Mwana wa Mkunazini #9

Assalaam alaykum. Na sisi tuweke letu.

Katika Qur'ani ametajwa mara moja, Suratul Baqara aya ya 98, pamoja na Jibrili, na kisomo kilichoenea huku kwetu kinamtamka Mikaala. Wengine husoma Mikaail, na kwa Kiswahili tumezoea Mikaili. Kiarabu kimeweka k nyepesi. Kiebrania, kama sheikh wangu alivyotuambia, hukwaruza koo, Mikha-el, kama kh ya "khalifa". Katekista ameandika *kha*, yuko sawa.

Lakini lililonileta ni la mpishi wenu. Kwa mapokeo yetu Mikaili ndiye malaika aliyewakilishwa mvua na riziki, mimea inaota kwa amri anayoitekeleza yeye. Kwa hiyo mpishi aliposoma "mchele" hakwenda mbali sana. Mwacheni.

Mlinzi wa Mapokezi #10

Mwana wa Mkunazini, nitamsomea asubuhi. Tangu siku ile wenzake wanamwita Kilo Saba.

Katekista, nimerudi nikaitazama ile orodha ya mgeni kwa jicho lako. Gabriele, Daniele, Raffaele, Samuele, Emanuele, na wa kwangu Michele. Mkia wote ni -ele. Ina maana wote wana Mungu mwishoni?

Katekista Mstaafu #11

Wote hao. Gabrieli ni shujaa wa Mungu. Raffaele ni Mungu ameponya. Danieli, Mungu ni mwamuzi wangu. Emanueli, Mungu yu pamoja nasi. Ongeza Gioele, huyo ni Yoeli kwetu. Simone ni Simeoni, nalo ni la Kiebrania lakini limetoka kwenye "kusikia", halina El. Andrea na Nicola waondoe, ni Wagiriki.

Tazama jambo moja dogo linalonifurahisha. Kiebrania kinaishia konsonanti: Mikha-el. Kilatini kiliandika Michael, na kila jina kikalipa viambishi vyake vya mwisho. Mwitaliano amebaki na e: Michele. Sisi tumeweka i: Mikaeli. Danieli, Daniele. Samweli, Samuele. Hatukuigana, kila mtu kafika kwa njia yake, lakini wote wawili tunaona vibaya kuacha neno limetoa ulimi nje.

Mimi ni wa Iringa. Mapadri wa Consolata kutoka Torino walifika kwetu 1919, na mzee wangu alibatizwa na mmoja wao. Padri aliandika Kilatini kwenye kitabu cha ubatizo, "Michael", akalitamka Mikaele, karani wa kijiji akaandika Mikaeli, na bibi yangu akamwita Mikayeli mpaka anakufa. Majina manne, mtu mmoja, na hakuna aliyemkosea.

Simba wa Jukwaa #12

Mbona mnazunguka. Mikaeli ndiye Kristo mwenyewe kabla ya kuja duniani. Someni Yuda 9 pamoja na 1 Wathesalonike 4:16.

Katekista Mstaafu #13

Ndugu, hilo lina uzi wake wa kurasa mia kule jukwaa la dini, tena wa tangu tukiwa vijana. Hapa tunazungumza jina.

Simba wa Jukwaa #14

Mnaogopa ukweli.

Pweza wa Nazi #15

Simba kaa, unywe chai.

Baharia Mkavu #16

Wazee, hodi. Nipo Napoli, nilishuka melini nikiwa kijana sikupanda tena. Kina Michele ninaowajua mimi hawatoshi kwenye basi.

Kwanza matamshi ya huku. Mlinzi amewafundisha mi-KE-le, hiyo ni ya redioni. Napoli jina likiitwa kwa sauti hukatwa mkia: "Michè!" Gennaro ni Gennà, Raffaele ni Rafè, Carmela ni Carmè. Mama akiwa ghorofa ya nne na mtoto yuko chini na mpira, hana muda wa silabi ya tatu. Na wasipolikata, ile e ya mwisho wanaimeza tu.

Pili, kwa nini wako wengi hivyo, hasa kusini na zaidi mkoa wa Puglia. Ni kwa sababu ya babu. Desturi ya kusini ni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la baba yake baba, wa pili la baba yake mama. Wakikuyu watakuwa wanatikisa kichwa sasa hivi, maana wao wanafanya vile vile. Sasa chukua mzee Michele mwenye watoto wa kiume watano. Kila mmoja akimzaa kaka, lazima awe Michele. Nimekwenda harusi moja huko Foggia, bibi mmoja aliita "Michele, kiti!" viti vitano vikaja. Wajina watupu, binamu kwa binamu. Wanatofautishwa kwa kazi na kwa vilema: Michele wa lori, Michele mrefu, Michele wa Concetta.

Lakini mtoto hapewi jina la baba yake aliye hai. Sheria inakataza, wala la ndugu yake aliye hai, imo kwenye kanuni za usajili za mwaka 2000. Ile ya Wamarekani ya fulani mdogo na fulani mkubwa huku haipo. Kanuni hizo hizo zinasema jina lilingane na jinsia ya mtoto. Andrea ilibishaniwa sana, maana ni jina la kiume huko ila wazazi walilitaka kwa binti, mpaka mahakama ya juu ikawaruhusu mwaka 2012. Michele hakuna anayemgombania. Ni dume.

Nyundo #17

Mimi naomba kuuliza tofauti. Mmeshindwa kuwapa watoto majina ya babu zenu mnahangaika na ya Kiitaliano? Utumwa wa akili.

Baharia Mkavu #18

Nyundo, hakuna aliyesema tuchukue. Na la Kiitaliano lenyewe si la Kiitaliano, wao nao walilipokea kwa watu. Mimi wanangu ni Shemboko na Mwanahamisi, na walimu wa huku wameumwa na taya.

Kiti cha Nyuma #19

Baharia, fafanua Puglia. Kwa nini huko zaidi?

Baharia Mkavu #20

Kwa sababu ya pango.

Ukilitazama umbo la Italia kama kiatu, nyuma juu ya kisigino kuna kitu kama kichokoo kinachoingia baharini. Huo ni mlima Gargano. Juu yake kuna mji unaitwa Monte Sant'Angelo, na chini ya kanisa la mji kuna pango. Simulizi ya wenyeji inaanza kwenye miaka ya 490: tajiri mmoja, Gargano jina lake, alipotelewa na fahali, akamkuta mdomoni mwa pango, akampiga mshale kwa hasira, mshale ukageuka hewani ukampata yeye. Wakaenda kwa askofu wa Siponto, akafunga siku tatu, Mikaeli akamtokea akasema pango lile ni langu. Ndiyo habari.

Yaliyofuata ni historia. Walangobardi, watu wa kaskazini walioiteka sehemu kubwa ya Italia, wakamfanya malaika huyu kuwa wao. Mfalme wao Cuniperto, mwishoni mwa karne ya 7, alimpiga chapa kwenye sarafu ya dhahabu. Walikuwa watu wa vita, wakampenda mwenye upanga. Kutoka hapo sifa ikapanda Ulaya nzima. Wafaransa walipoanza ule mlima wao wa Mont-Saint-Michel mapema karne ya 8, wanasimulia kwamba walituma watu Gargano kuleta masalia ya pango. Kwa hiyo hata Misheli wa Papa wa Kamalondo ana damu ya huku. Mwaka 2011 UNESCO iliingiza pango hilo kwenye urithi wa dunia, pamoja na maeneo mengine ya Walangobardi.

Nilikwenda mara moja na tajiri wangu, ambaye pia ni nani? Michele. Basi kutoka Foggia linapanda kwa kona mpaka unajuta kula. Unaingia kanisani kwa juu, halafu unashuka, ngazi 86, ndani ya jiwe. Baridi inakupata miguuni kwanza. Ukifika chini mwamba uko juu ya kichwa chako, umelowa. Lakini kilichonishika mimi ni mikono. Mahujaji wa zamani walikuwa wanaweka kiganja ukutani na kuchora pembeni yake kwa kisu, au wayo wa mguu, kisha jina. Kuna waliochonga kwa runi, herufi za kale za watu wa Ulaya ya kaskazini, Waingereza wa miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, walitembea kutoka kwao. Nikaweka mkono wangu juu ya mmoja. Ulikuwa mdogo, kama wa mtoto wa miaka kumi na miwili. Tajiri wangu alikuwa mbele anawasha mshumaa wa babu yake, wajina wake.

Mwana wa Mkunazini #21

Masha Allah, umeandika. Niongeze Michele mmoja ambaye sisi tunamdai shukurani. Michele Amari wa Palermo, aliyezaliwa 1806, ndiye aliyekaa akaandika historia ya Waislamu wa Sicilia kwa kusoma maandishi ya Kiarabu yenyewe, wakati wenzake wengi hawakutaka hata kusikia kwamba kisiwa kile kilitawaliwa na Waislamu.

Pweza wa Nazi #22

Mimi nilikuwa najua Michelangelo tu.

Baharia Mkavu #23

Huyo pia ni wa ukoo. Michele na angelo, Mikaeli-malaika, wameunganisha. Soma Mikelanjelo. Yule mchongaji mkubwa alizaliwa 1475. Na kuna Michelangelo mwingine watu hawamjui kwa jina hilo, mchoraji Caravaggio. Alibatizwa Milano tarehe 30 Septemba 1571, na sikukuu ya Mikaeli ni tarehe 29. Unaona jina lilikotoka, wazazi hawakuumiza kichwa.

Tarehe 29 Septemba bado ni kubwa. Huku mtu ana siku ya kuzaliwa na ana siku ya jina, *onomastico*. Kina Michele wote wanapigiwa simu siku hiyo, na wewe usipompigia mkwe wako utaambiwa Krismasi. Zamani siku ile ilikuwa yake peke yake, kalenda ya Kanisa ilipopangwa upya 1969 wakamwekea Gabrieli na Raffaele humo humo, kwa hiyo simu zimeongezeka. Ni siku ya polisi pia. Papa Pius XII alimfanya Mikaeli kuwa mlinzi wa polisi wa Italia mwaka 1949, basi utawaona wamevaa sare za sherehe. Sisi tusio na makaratasi kamili siku hiyo tulikuwa tunapita njia nyingine.

Roma kuna ile ngome ya duara kando ya mto, Castel Sant'Angelo, malaika wa shaba juu ya paa ndiye huyu. Angalia mkono wake: hauchomoi upanga, unaurudisha alani. Wanasimulia kwamba mwaka 590 tauni ilikuwa inawamaliza, Papa Gregori akiongoza maandamano ya sala akamwona juu pale anaurudisha upanga, tauni ikakoma.

Papa wa Kamalondo #24

Na Nutella? Nilisikia mwenye Nutella ni Michele.

Baharia Mkavu #25

Michele Ferrero, ndiyo. Nutella ilitoka 1964 mikononi mwake, alifariki 2015. Wazee wa mbio za magari watamkumbuka Michele Alboreto, aliyekuwa wa pili duniani 1985 akiendesha Ferrari.

Lakini mkitaka Michele wa mtaani, ni Michelaccio. Ile -accio ni kama li- yetu ya kudharau, unasema jitu, unasema Limikaeli. Huku wakimwona kijana hana kazi na hana haraka, wanasema anaishi maisha ya Michelaccio: kula, kunywa, kutembea. Tajiri wangu aliniita hivyo siku niliyochelewa. Nikamwambia, jina ni lako, mimi naazima tu.

Mlinzi wa Mapokezi #26

Baharia nimekuelewa sasa. Yule mgeni wangu siku ya mwisho nilimuuliza kwa nini anaitwa hivyo, akasema "nonno", babu, akanyanyua mabega kana kwamba nimemuuliza kwa nini ana pua. Nikamwambia kwa Kiswahili changu na Kiitaliano chake kwamba kanga yake inasema "chi è come la mamma", na kwamba jina lake linauliza "chi è come Dio". Akakaa kimya. Akaivua kanga, akaitandaza mezani, akapitisha kidole kwenye herufi moja moja: na-ni, ka-ma. Miaka arobaini na kitu anaitwa hivyo, hajawahi kuambiwa kwamba anaulizwa.

Kanga ameondoka nayo. Imelipiwa, msiulize na nani.

Baba Kijacho #27

Wakuu, samahani nilipotea, tulikuwa hospitali. Binti kafika salama jana usiku, kilo tatu na robo, mama mzima.

Jina limeleta kesi. Nilimwonyesha mke wangu uzi huu wodini, akacheka mpaka muuguzi akaja. Tukasema basi Mikaela. Mama mkwe naye kasikia vibaya kwa simu, anauliza kwa nini mjukuu wake anaitwa Mchele, siku ya njaa si watampika. Tumemtuliza. Kwenye karatasi karani kaandika Michaela, na muuguzi wa zamu ya asubuhi kasoma "Michayela anyonyeshwe". Kwa hiyo mnasemaje, nirudi nikabadilishe iwe k, au niiache?

Katekista Mstaafu #28

Hongera sana, Mungu amkuze. Weka k. Huku kwetu h haijui kazi ya ulinzi.

Mwana wa Mkunazini #29

Hongera. Weka k, na akikua mnunulieni kanga.

Kilo Saba #30

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu tu. Mimi ndiye mpishi. Karatasi haikuandikwa "chumba". Iliandikwa "Michele 7". Hakimu ni nani hapo?

Pweza wa Nazi #31

Hahahaha mshtakiwa kafika. Mlinzi jibu.

Mlinzi wa Mapokezi #32

Ni kweli sikuandika chumba. Nitamnunulia soda.

Kiti cha Nyuma #33

Kabla uzi haujafungwa, kesho napokea wageni wawili Diani, orodha inasema Giuseppe na Giosuè. Nawasomaje, na nani ni mama?

Mlinzi wa Mapokezi #34

Hakuna mama hapo, kaka. Juzeppe na Jozue, Yusufu na Yoshua, Waebrania tena. Hiyo i katikati ya G na vokali haisomwi, yenyewe kazi yake ni kulainisha tu. Ngoja nitoke zamu, nitakuandikia yote, kuna gari limeingia.